Jiwe la Nusu

Mizani ninayoisema, washairi mniwie radhi,
ni ile yenye vitanga, ya dukani kwa baba, Magomeni Mapipa.
Mama anataka nafasi ya friji.
Nami nimesema nitaitia mnadani, kwenye simu,
wanunue wenye kupenda vya zamani.

Lakini kwanza bei.

Gerezani, fundi wa vyuma chakavu
aliipima mizani yangu kwa mizani yake:
"Shaba, elfu kumi na mbili kilo. Mawe, bure."
Nikaifunga tena kwenye kanga.

Siku tatu, kila baada ya isha,
nilikaa na daftari la madeni la marehemu,
kurasa za nyuma alizoziacha nyeupe,
nikamwandika kila aliyeuza mizani kama hii:
wa Mombasa, wa Muscat,
na mmoja wa Ulaya anayeapa yake ilipima karafuu za Sultani.
Huyo anaomba milioni mbili.
Anaomba tangu mwaka juzi.

Bei ya kutaja haina mwenyewe.
Hata mlevi wa Mapipa hutaja bei.
Nikashuka kwenye minada iliyokwisha fungwa,
kule nyundo imeshagonga na pesa zimeshatoka mfukoni:
laki mbili na themanini;
laki moja, kitanga kimepinda;
laki nne na nusu, mawe yote saba,
risasi na muhuri chini ya kila jiwe.

Chini ya kila jiwe.

Nikayapindua yetu, moja moja, juu ya meza.
Kilo mbili, ina risasi. Kilo, ina risasi. Robo, ina.
La nusu lina shimo,
na shimoni nta ya mshumaa
iliyopakwa masizi ifanane na chuma.
Nilipoigusa iliingia kwenye ukucha.

Sonara wa Kisutu, Jayantilal,
aliliweka kwenye mizani yake ya dhahabu, ya tarakimu nyekundu.
Gramu mia nne sitini na moja.
Akanirudishia bila neno.
Hata chai hakunitoza.

Thelathini na tisa.
Vijiko tisa vya sukari, au kumi.
Bi Sikudhani alinunua nusu kila Ijumaa,
akaihesabu senti kwa senti,
akasema, "Kondo, Mungu akuzidishie,"
nami nyuma ya magunia
nafanya hesabu za shule kwenye karatasi ya kufungia.

Nilimwambia mama.
Hakuacha kuchambua mchele.
"Wewe umeulizwa bei," akasema.
"Hujaulizwa baba yako."

Usiku wa nne nikatafuta tena, safari hii nikijua ninachotafuta,
na nilichokipata sikukitaka:
jiwe moja, peke yake, lililotolewa risasi,
"la hila, nadra sana,"
limeuzwa laki sita.
Waliogombea walikuwa kumi na wanne.

Basi lipo soko la hilo nalo.
Jiwe la haki ni laki nne na ushee pamoja na ndugu zake sita,
la wizi ni laki sita likiwa yatima.

Nikisema kweli napata zaidi.
Nikinyamaza napata hasara na jina la baba linabaki jeupe.
Nimeshika simu mpaka kioo kimezima mara mbili.
Ukweli unaolipa, sijui nauweka kitanga kipi.

Nimeandika:

*Mizani ya shaba, vitanga viwili, mawe saba.
Jiwe la nusu ni gramu 461, shimo limezibwa kwa nta.
Lilitumika dukani miaka thelathini na moja.*

Neno "hila" sikuliandika. Neno "nadra" nimelifuta.
Bei ya kuanzia, laki mbili na themanini,
kama mizani ya mtu yeyote.

Mnada unafungwa Ijumaa.
Nta sijaitoa yote ukuchani.
Asubuhi nitapita kwa Bi Sikudhani, mtaa wa pili;
macho hayaoni tena, lakini mkono wake
unajua uzito wa pakiti ya sukari.
Nitampelekea kilo nzima.
Akiuliza ya nini, sijui nitataja bei gani.